Hotuba Niliyoisikia Peke Yangu

Mwanangu Riziki,

Salamu tulipeana asubuhi uliponiamkia mlangoni, na dua nimekusomea tangu juzi mpaka ukanicheka, kwa hivyo naanza bila hayo. Nakuandikia kazini chuoni, katika chumba kile chenye runinga kubwa ulichokuja kukiona likizo ya Desemba ukasema kina baridi kama jokofu. Ni saa tisa na nusu, mchana. Wanafunzi wa mhadhara wa saa nane wametoka, mitambo nimeizima, na Bwana Kitsao, mkubwa wangu, yuko nje juu ya ngazi anafuta kinyesi cha kunguru kwenye dishi. Nyumbani siwezi kuandika. Huko sanduku lako li wazi katikati ya chumba, bibi yako apanga na kupangua, nawe waimba. Nikikutazama kalamu itanidondoka.

Habari za soksi, mafuta ya nazi na kutowaazima watu ndoo yako sitaziandika. Bibi ameshazisema, na kesho kwenye feri atazisema tena. Mimi nina jambo moja tu, na sijui lianzie wapi. Nimeshachana karatasi mbili. Ya kwanza ilianza na "Ukifika shuleni uwe msikivu," nikaona naandika kama mwalimu wa zamu. Ya pili ilianza na jina la Mwalimu Mejumaa, nikaogopa. Hii ni ya tatu. Nayo yaniogopesha, lakini karatasi zenyewe zimebaki chache.

Jambo lenyewe ni la Mwalimu Mejumaa. Wewe wamjua kuwa ndiye atakayekupokea kesho huko Taita, ndiye aliyekutafutia nafasi ya kidato cha kwanza katika shule yake, na ndiye atakayekuwa mzazi wako mwaka mzima. Usilolijua ni kwamba huenda asingekuwa Taita kabisa. Huenda sasa angekuwa chuo kikuu ng'ambo, au ameshamaliza, lau si mimi. Naandika "huenda" kwa sababu sijui. Mwaka wa pili huu najiuliza, na kila nikijiuliza najibu tofauti.

Ulipokuja Desemba uliniuliza kama yule mzungu kwenye runinga anatuona. Nikakujibu haraka kwamba yeye hatuoni, nikakutoa nje. Ngoja nikueleze vizuri, maana bila hili mengine hutayaelewa. Mhadhiri husimama katika chumba kama hiki, katika chuo cha mbali. Picha yake na sauti yake hupanda kwenye setilaiti, hushuka kwenye dishi letu hapa Kisauni, nasi twamwona mpaka kifungo cha shati lake. Lakini picha yetu sisi haiendi. Kinachotoka hapa ni sauti peke yake, kwa laini ya simu, kupitia maikrofoni hii iliyo mbele yangu. Kwa hivyo mwanafunzi wa huku akinyamaza, kwa wale wa kule hayupo. Anaweza kuwa amevaa vizuri, amenyoosha mkono, analia machozi. Hayupo.

Maikrofoni ina swichi ya kubonyeza, na kando ya swichi pana taa ndogo ya kijani. Runinga ina rimoti. Kazi yangu mimi karani, mbali na kuandika majina ya waliohudhuria na kupokea faksi, ni vitu hivyo viwili. Mtu wetu akitaka kusema, napunguza sauti ya runinga mpaka mwisho, kisha nafungua maikrofoni. Akimaliza, nafunga maikrofoni, napandisha runinga. Vyote viwili vikiwa wazi kwa pamoja, sauti huzunguka. Hutoka kwenye runinga, huingia kwenye maikrofoni, hurudi tena kwenye runinga, na chumba kizima hupiga mlio mkali kama filimbi ya refa iliyotiwa ndani ya sikio.

Huo mlio naujua. Siku mitambo ilipozinduliwa, wageni wamejaa, mkuu wa chuo ameketi mstari wa mbele na suti yake, mimi nilifungua maikrofoni kabla ya kupunguza runinga. Watu waliziba masikio. Mgeni mmoja akasema kwa sauti, "Huyu binti mmemwokota wapi?" Bwana Kitsao akaja mbio akaninyang'anya rimoti. "Mama Riziki, wataka kututoboa masikio?" Watu wakacheka, na mkuu wa chuo akacheka, nami nikacheka kwa sababu sikujua kingine cha kufanya. Jioni ile niliandika karatasi kwa mwandiko wangu mzuri nikaibandika mezani: Punguza runinga. Fungua maikrofoni. Tazama taa. Ipo mpaka leo, naiona sasa hivi, imekuwa ya manjano. Tangu siku ile mkono wangu ukawa mwepesi sana wa kupunguza, na mzito wa kufungua.

Mejumaa alikuwa akifundisha hesabu shule ya hapo kwetu Likoni, na alikuwa katika walimu wa kwanza kujiandikisha kwa mihadhara hii. Wamkumbuka alivyo. Akiingia tu, kabla hajaketi, alikuwa akiiamkia runinga. "Shikamoo!" Kisha hungoja, mkono sikioni. "Mwaona? Haiitikii. Haina adabu hii, wazazi wake ni akina nani?" Darasa zima lilikuwa likivunjika mbavu, hata wale walimu wa bara waliokuja na nyuso za kazi.

Ikatokea nafasi. Chuo kile cha ng'ambo kilitaka mwalimu mmoja kutoka vituo vyote vyenye mitambo kama yetu, aende akasome huko miaka miwili. Mahojiano yangefanywa kwa mitambo hii hii. Kila mwombaji angepewa dakika zake za kueleza anachotaka kusomea na kwa nini, halafu jopo lingeuliza maswali. Wiki nzima Mejumaa alikuja kwetu baada ya magharibi kufanya mazoezi. Wewe ndiwe uliyekuwa profesa. Ulivaa miwani ya baba yako, ukaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, ukasema, "Endelea, Bi Mejumaa, twakusikia." Naye akaendelea. Wakumbuka? Mimi nakumbuka kila usiku wa wiki ile.

Siku yenyewe tulikuwa wawili tu humu ndani. Bwana Kitsao alikuwa chumba cha pili akishikilia laini ya simu isikatike. Kwenye runinga wakatokea watu watatu: mzee wa mvi, mwanamke mwenye skafu shingoni, na kijana mwenye kalamu. Mzee akasema, "Mombasa, tuko tayari, anza." Nikapunguza runinga mpaka mwisho. Nikapeleka mkono kwenye swichi, na Mejumaa akanishika kifundo.

"Dada Halima, ngoja, usifungue. Nisome dua yangu kwanza. Hii si ya hao."

Akainua mikono. Nami nikaweka rimoti chini nikainua yangu. Akasoma ile dua ya kuomba kufunguliwa ulimi, pole pole, macho ameyafumba. Nikaitikia amin, nikapitisha viganja usoni. Viganja vilipotoka usoni mwangu, yeye alikuwa ameshaanza kusema Kiingereza.

Hapa ndipo nisipopajua, mwanangu. Nina kumbukumbu mbili. Katika moja naona kidole changu cha shahada kikibonyeza swichi, hata naisikia ikilia "ka". Katika ya pili naona viganja vyangu vikishuka kutoka usoni na kutulia mapajani, na mimi nikimtazama Mejumaa na kusikiliza. Zote mbili zi wazi. Moja lazima iwe ya uongo, wala siwezi kukwambia ni ipi.

Alisema vizuri mno. Alisema habari za wasichana wa mashamba ya nyuma ya Likoni, wanaoambiwa shuleni kwamba hawana akili ya hesabu, na ilhali wakirudi nyumbani wapima mahindi na mchele kwa kibaba na pishi bila kukosea. Alisema msichana ajuaye kuwa vibaba vinne ni pishi moja, na ajuaye kumpa jirani nusu kibaba na robo kibaba bila ugomvi, huyo ameshajifunza hesabu za sehemu, ila hakuna aliyemwambia kuwa ndizo. Alisema anataka kusomea namna ya kumwambia. Mimi nilisahau kazi. Nilikuwa nasikiliza tu.

Kwenye runinga yule mwanamke wa skafu akaweka mkono sikioni. Mdomo wake ulikuwa ukisema kitu, lakini runinga nilikuwa nimeishusha, haikutoa sauti. Mejumaa akafikiri mwanamke yule ataka kusikia zaidi, akapandisha sauti na kutabasamu. Mzee wa mvi akamgeukia kijana. Kijana akatazama saa. Nikasema moyoni, haya ni mazungumzo yao. Kisha nikatazama taa.

Haikuwaka.

Dakika ngapi zilikuwa zimepita sijui. Nilitazama taa, nikatazama karatasi yangu ya mezani, nikatazama taa. Nikafikiri, labda balbu imekufa na maikrofoni i wazi. Kama i wazi nami nikabonyeza, nitaifunga, nimkate katikati ya maneno yake. Kama imefungwa nami nisibonyeze, hasikiki. Njia ya kujua ilikuwa kupandisha runinga nisikie wale watatu wanasema nini. Lakini kama maikrofoni i wazi, kutapiga ule mlio, kwa wale wote, katikati ya mahojiano ya mwenzangu. Nikaishika rimoti nikaiacha.

Palikuwa na njia nyingine, nyepesi kuliko zote. Kumgusa bega nimwambie, "Mejumaa, simama kidogo." Maneno matatu, kwa mtu niliyekua naye. Sikuyasema. Niliona haya kumkatiza. Mpaka leo nikiandika hivi siamini kuwa sababu ilikuwa ndogo hivyo.

Mwishowe nikabonyeza. Taa ikawaka kijani, nzuri, kama jicho la paka. Na wakati ule ule Mejumaa akainamisha kichwa akasema, "Nashukuru kwa kunisikiliza."

Hilo ndilo neno walilolisikia. Nilifunga, nikapandisha runinga, nikaikuta sauti ya mzee ikimalizia, "...asante, Mombasa. Muda wetu wa setilaiti umekwisha." Picha ikakatika, ikabaki mistari ya rangi.

"Hawakuuliza hata swali moja!" Mejumaa akasema.

"Muda umewaishia," nikasema.

"Basi nimewajaza, hawana la kuuliza." Akanikumbatia mpaka miwani yangu ikapinda. "Dada Halima, nilisikika vizuri?"

Nikamwambia, "Mimi nilikusikia."

Siku chache baadaye ikaja faksi. Faksi nazipokea mimi, kwa hivyo nilikuwa mtu wa kwanza kuisoma. Ilisema kwamba mwombaji wa Mombasa alinyamaza karibu muda wote aliopewa, na kwamba jopo lilisubiri. Nikampelekea Bwana Kitsao. Akaisoma mara mbili amesimama.

"Alinyamaza? Mejumaa? Huyu mwanamke hajanyamaza tangu azaliwe." Kisha akanitazama. "Mama Riziki, swichi ulifungua?"

"Nilifungua."

"Na taa uliitazama?"

"Niliitazama. Iliwaka."

"Maana kama kosa ni letu, twawaandikia leo hii, wampe saa nyingine. Wao si wabaya. Kama si letu, basi tena. Hatuwezi kuwaambia watu setilaiti yao mbovu na hatuna ushahidi."

"Iliwaka," nikasema tena.

Nikuambie kilichokuwa mezani pake. Ilikuwa ni barua ya kunithibitisha kazini, imeshapigwa chapa, yangoja sahihi ya mkuu wa chuo. Nilikuwa karani wa muda miaka mingi, naitwa na kurudishwa nyumbani muhula hadi muhula. Nilikuwa naitazama barua ile wakati nikijibu. Sikupanga kusema uongo, Riziki. Ulitoka kama mtu anavyorudisha mkono akigusa sufuria ya moto. Lakini wa pili, ule wa taa, huo niliupanga. Nilipata nafasi ya kuvuta pumzi kabla yake.

Jioni Mejumaa akaja kwetu na mihogo ya shambani kwao, kama kwamba sisi ndio tuliofiwa. Akaketi jikoni akasema, "Sikieni, wameniona bubu! Mimi ninayenyamazishwa hata msibani!" Akacheka, bibi yako akacheka. Wewe ulikuwa ukimenya mihogo. Hukucheka. Ulinitazama ukauliza, "Mama, kwani Mwalimu hakusema?"

Nilikujibu, "Alisema, mwanangu. Ni mitambo tu." Nikaendelea kumimina chai katika kikombe kilichokwisha kujaa, mpaka ikamwagikia mkeka. Bibi akanigombeza kwa chai. Nilishukuru kupata kitu cha kugombezwa.

Muhula uliofuata Mejumaa akakubali uhamisho wa Taita, uhamisho aliokuwa ameukataa mara mbili. Alisema hewa ya kule ni nzuri kwa kifua chake. Sikupata kumsikia akikohoa hata siku moja.

Unajua kwamba mimi nilisoma mpaka kidato cha sita, na vyeti vyangu baba yako amevitia fremu. Nimekuacha uamini kuwa baada ya hapo niliolewa nikaona basi. Si hivyo. Barua ya kuitwa chuo kikuu, Nairobi, ilikuja nikiwa na mimba yako ya miezi mitano. Niliitia chini ya godoro. Nilifikiri nikiwaandikia kuwa ni mjamzito wataliandika jina langu mahali pabaya, wawaambie walimu wangu, walimu wamwambie marehemu babu yako, ambaye alikuwa ameshajua na ameshasamehe. Angalia upumbavu huo. Siku ya kuripoti ikapita nami nimelala juu ya barua.

Nilipokuwa nimefanya kazi hapa kiasi cha mwaka, nililetewa barua ya mwanafunzi nipige jibu lake kwa taipu. Msichana ameomba kuahirisha masomo kwa sababu anakaribia kujifungua. Jibu la chuo lilikuwa mstari mmoja: ombi limekubaliwa, aripoti mwaka ujao. Nikalipiga, nikalitia katika bahasha, kisha nikatoka nikasimama pale kwenye bomba la maji mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa. Usije ukafikiri kuwa ni wewe uliyenizuia. Wewe ulikuwa tumboni, hujui kusema. Mimi niliyejua kusema, na kuandika kwa lugha mbili, ndimi nisiyeuliza.

Ningependa kukwambia usiogope. Mama wengine nadhani huandika hivyo. Lakini mtu asiyeogopa hufanyaje mimi sijui, kwa hivyo nikikwambia nitakuwa nakutajia mji nisioufika. Nijualo ni hili tu, nalo sijui kama lafaa kitu: mara zote mbili, kile nilichokiogopa hakikuwa kikubwa. Mlio wa sekunde tano. Mstari mmoja wa barua. Na mara zote mbili sikukijua ukubwa wake mpaka baadaye sana.

Niliacha kuandika kwa muda, maana Bwana Kitsao ameingia. Nikuandikie yote aliyoyasema kabla sijaanza kuyageuza kichwani.

Aliingia na kitambaa chake mkononi akanikuta nimekaa mbele ya maikrofoni iliyozimwa. Akaniuliza kama namwandikia waziri, karatasi zote hizi. Nikamwambia namwandikia Riziki. Akasema, "Mwambie asome hesabu, asije akawa fundi wa kufuta mavi ya kunguru." Akainama akagusa swichi kwa kidole, kama anavyofanya kila jioni kuhakikisha.

"Hii mpya haijanisumbua hata siku moja," akasema.

"Mpya ipi?"

"Swichi. Ile ya kwanza si niliitoa? Mwezi ule ule wa mahojiano ya Mejumaa. Ilikuwa ikibonyezwa mara yashika, mara haishiki. Waweza kuisikia ikilia 'ka' na usipate kitu."

Nikaweka kalamu chini. "Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Nilikuuliza, ukasema umefungua na taa umeiona ikiwaka. Nikasema basi, siku ile haikuwa swichi. Ungeniambia taa haikuwaka, ningejua papo hapo. Ningewaandikia faksi kabla ya saa sita."

Riziki, nimekaa na maneno hayo nusu saa sasa, na sijui niyaweke wapi. Kumbe inawezekana nilibonyeza. Inawezekana kidole changu kilifanya kazi yake na ile "ka" niliisikia kweli, na kosa halikuwa langu hata kidogo. Na uongo niliousema kujikinga na kosa, huo ndio uliomzuia Kitsao asilione kosa lilipokuwa. Au inawezekana sikubonyeza, na swichi ilikuwa mbovu vile vile, siku nyingine. Hatutajua. Swichi yenyewe aliitupa.

Nikamwambia, "Bwana Kitsao, taa haikuwaka."

Akavuta kiti cha mwanafunzi akaketi. Akakikunja kitambaa mara nne, kama barua.

"Kweli, Mama Riziki?"

"Haikuwaka. Niliitazama, haikuwaka. Nilikudanganya."

Nilidhani atanifukuza, na cha ajabu nilikuwa natazama kitambaa tu. Kisha akauliza, "Mwalimu mwenyewe ajua?"

"Hajui."

"Na mtoto yuaenda kwake kesho."

"Ndiyo."

"Basi kesho usije kazini." Akasimama. Alipofika mlangoni akageuka. "Barua ya kwenda ng'ambo nitaiandika mimi. Sijui kama watasikia baada ya muda wote huu. Lakini sitaituma mpaka Mejumaa aambiwe, na si mimi wa kumwambia. Na ukifika huko, tafadhali, usituletee ule mlio."

Sasa ni karibu saa kumi na moja. Nilikuwa nimepanga barua hii uisome bwenini, mimi nikiwa huku mbali nimevuka feri na kurudi. Halafu nikapanga kutia ndani bahasha ya pili, iliyofungwa, umkabidhi Mwalimu. Mpango huo wote ulikuwa ni kumtuma mtoto wa miaka kumi na minne akaseme nisiloweza kulisema. Nimeuacha. Nikitoka hapa napita stendi kukata tiketi yangu, kiti kilicho karibu na chako kama bado kipo. Bibi nitamwambia nakusindikiza, ambayo ni kweli. Barua hii nitakupa basi likishapita Changamwe, na wakati ukisoma maneno haya nitakuwa kando yako natazama nje. Usiniulize kitu njiani. Acha nijitayarishe.

Nimejaribu kuikumbuka hotuba yake, na yote ninayo. Kibaba na pishi, wasichana wa mashamba, pale alipotua, pale alipomtabasamia yule mwanamke wa skafu. Dunia nzima ni mimi peke yangu niliyeisikia siku ile. Wewe uliisikia ya mazoezi, lakini ya siku ile ilikuwa bora. Nataka kumwambia hilo pia, kuwa ilikuwa bora. Sijui kama ni jambo la kumfurahisha mtu au la kumuumiza. Sijui atanitazamaje. Sijui kama atakutazama wewe vile vile baadaye, na hilo ndilo linalonikaba zaidi, maana mimi nitarudi Likoni na wewe utabaki naye. Nimewaza pengine ningojee mpaka umalize kidato cha nne. Unaona ninavyofanya? Hata kwenye karatasi natafuta pa kungojea.

Kwa hivyo nina mzigo mmoja wa kukupa, nao si wa sandukuni. Najijua. Tukifika, Mejumaa atatoka mbio ofisini, atatukumbatia, atafanya mzaha na sanduku lako, ataagiza chai. Nami nitasema nimekuja kukusindikiza tu, nitasifu hewa ya Taita, nitauliza habari za kifua chake, na basi la kurudi litafika.

Usiache. Mwamkie kwanza vizuri, akikuita umwitikie abee kama nilivyokufunza. Ngoja chai imiminwe. Kisha uniulize swali lile lile uliloniuliza jikoni, kwa sauti, yeye akiwa pale anasikia: "Mama, kwani Mwalimu hakusema?"

Nikianza kujibu habari za mitambo, uliza tena.

Mamako,
Halima